Kualika mgeni kwenye mkutano wa klabu ya picha: mwongozo kwa aliyekabidhiwa ratiba

Klabu ya picha ikishazoeana, mkutano wa mwezi hugeuka baraza la kubishania Canon na Nikon, nani kapata lenzi gani Kariakoo, na harusi ya nani imelipa. Yana raha yake hayo, ila picha za wanachama zinabaki zilezile. Mgeni aliyeandaliwa vizuri huamsha watu. Aliyealikwa kiholela huzungumza saa nzima kuhusu maisha yake, anapigiwa makofi, na Jumatatu hakuna anayekumbuka alisema nini.

Mwongozo huu ni wa yule aliyenyooshewa kidole kikaoni na kuambiwa, "Wewe shika ratiba ya wageni." Nimechukulia klabu ya kawaida ya Dar es Salaam: watu ishirini hadi arobaini, mkutano Jumamosi moja kwa mwezi, mfuko mwembamba, projekta ya kuazima.

Hatua ya 1: Tafuta swali kabla ya kutafuta mtu

Ukiandika kwenye grupu la WhatsApp "Jamani, tumwalike nani?", utaletewa majina ya wenye wafuasi wengi Instagram. Andika hivi badala yake: "Mwezi huu kamera imekushinda wapi?" Kisha nyamaza siku mbili usome majibu.

Mmoja atasema ngozi ya bibi harusi inatoka ya zambarau chini ya taa za ukumbini. Mwingine anaogopa kuinua kamera soko la samaki la Feri kwa sababu watu humkemea. Mwingine kaona picha yake kwenye bango la duka bila kuulizwa. Mwingine amechapisha picha kubwa ya ukutani na weusi wote umegeuka kijivu. Hizo tayari ni mada nne za mikutano minne, na kila moja inakuelekeza kwa mtu wa aina yake.

Liandike swali kwa sentensi kamili. "Upigaji picha za watu" ni mada inayomruhusu mgeni kusema lolote. Linganisha na hii: "Nitampigaje mtu nje, saa saba mchana, bila macho yake kuwa mashimo meusi?" Hilo ni swali la Dar hasa. Tuko chini kidogo ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri linasimama karibu kabisa juu ya utosi. Vitabu vya kigeni vinavyomwambia mtu asubiri mwanga laini wa jioni haviishi hapa, ambapo mwanga huo ukifika, muda si mrefu giza linaingia, na mteja alishaondoka tangu saa tisa. Mgeni akipewa swali la namna hiyo hawezi kulizunguka. Atalazimika kusema anasimama wapi, anatumia kivuli cha nini, na nani anamshikia kitambaa cheupe.

Kusanya maswali matano au sita, uyapange kwa mwaka ukiangalia kalenda ya mji. Mpigapicha wa harusi hapatikani Jumamosi. Ndiyo siku yake ya kazi. Mwalike wakati wa Kwaresma, harusi nyingi za makanisani zinapopungua, au hamishia mkutano wa mwezi huo katikati ya wiki. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili ratiba ya mwaka jana. Mkutano wa saa kumi jioni mtu akiwa na swaumu unamchosha mgeni na wasikilizaji. Afadhali kukutana asubuhi, au baada ya futari kama ukumbi unaruhusu. Desemba achana nayo kabisa.

Hatua ya 2: Nani anaweza kujibu?

Hapa ndipo klabu nyingi zinapojibana. Zinadhani mgeni lazima awe mpigapicha maarufu. Wapo wanaofaa, sikatai, lakini tazama na hawa wengine.

Mzee wa studio. Magomeni, Temeke, Kariakoo, bado wapo waliopiga picha za pasipoti, za ubatizo na za maulidi kwa filamu, wakasafisha wenyewe kwenye chumba cha giza. Filamu ilikuwa na picha 36 tu na kila moja ina bei yake, kwa hiyo wanajua kusubiri kwa namna ambayo sisi wa memori kadi tumeisahau. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Zanzibar ipo Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, yenye hazina ya picha za Mji Mkongwe. Klabu ya Dar ingeweza kufanya safari ya mwezi mmoja kwenda kuangalia studio ya namna hiyo badala ya kumleta mtu huku.

Watu wa magazeti ya zamani. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia hapa Dar, alianzisha Camerapix mjini humu mwaka 1963 kabla ya kuhamia Nairobi, na mwaka 1984 kamera yake ndiyo iliyoionyesha dunia njaa ya Ethiopia. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa. Waliofanya kazi ya picha za habari mjini hapa miaka ya 60 na 70 sasa ni wazee sana. Kama klabu yenu inamfahamu hata mmoja, mpeni nafasi ya kwanza kwenye ratiba. Wa Instagram atapatikana hata mwakani.

Fundi wa kamera. Huyu simsahau kamwe. Hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima, na kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa begini hasa msimu wa masika. Waambie wanachama kila mtu aje na lenzi moja na tochi ya simu. Fundi awaonyeshe namna ya kumulika kioo kutoka nyuma, utando wa kuvu unafananaje na vumbi, kwa nini boksi lisilopitisha hewa lenye vipakiti vya kunyonya unyevu linashinda begi la ngozi la gharama. Siku hiyo huhitaji hata projekta.

Mhariri wa picha wa gazeti, aje na picha 60 za tukio moja na aeleze mbele yenu kwa nini 59 zilitupwa. Mtu wa maabara ya kuchapisha picha, ambaye atawaambia kwamba kioo cha kompyuta yako kina mwanga mkali mno ndiyo maana karatasi inatoka nyeusi. Mwanasheria, au ofisa kutoka Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kwa lile swali la picha iliyoibwa na duka: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpigapicha tangu kazi inapozaliwa, hata kama hajaisajili, na watu wengi wenye kamera hawalijui hilo.

Halafu kuna mgeni ambaye karibu hakuna anayemfikiria: anayepigwa picha. Mamalishe wa Feri, dereva wa bodaboda, mwanamitindo, bibi harusi wa mwaka jana. Mwombeni aeleze anajisikiaje kamera ikimwelekea, nani alimwomba vizuri na alitumia maneno gani, nani alimkera. Kwa klabu inayopenda picha za mtaani, nusu saa ya mama mmoja wa sokoni ina faida kuliko mihadhara mitatu kuhusu maadili.

Muuza vifaa akijipendekeza kuja, mkaribishe, ila mpe dakika kumi za mwisho na meza pembeni. Akipewa saa nzima mmejigeuza wateja.

Hatua ya 3: Mpime kwa simu

Mpigapicha hodari si lazima awe msemaji. Piga simu ya dakika kumi, umuulize lile swali lenu. Akianza kukueleza tukio maalumu, "Kuna siku nilikuwa Bagamoyo, jua limekaa hivi…", huyo ni mgeni wenu. Akianza kutaja bei za kamera zake, endelea kutafuta.

Akiwa mjuzi lakini mkimya, kama walivyo wazee wengi wa studio, usimpe jukwaa peke yake. Mfanyie mahojiano: viti viwili, picha zake mezani au ukutani, na mwanachama mmoja mwenye adabu na udadisi anayemuuliza, "Hii mzee ilikuwa wapi? Na huyu aliyesimama nyuma?" Kazi ya muulizaji ni kunyamaza baada ya kuuliza. Mchague mapema, na asiwe yule anayependa sauti yake.

Hatua ya 4: Mwombe kwa heshima, na kwa ukamilifu

Wiki sita kabla zinatosha. Nane ni bora. Kwa mzee, nenda mwenyewe. Nenda na mtu anayemfahamu, toa shikamoo, kaa, zungumzeni mengine kwanza, ombi lije baadaye. Kumtumia mzee wa miaka sabini ujumbe wa WhatsApp wenye tangazo la rangi ni kumkosea. Kwa mtumishi wa taasisi ya umma, andika barua kwa mkuu wa taasisi yake, yenye nembo na mhuri wa klabu, kwa sababu anakuja kwa niaba ya ofisi na lazima apewe ruhusa. Barua inapita meza nyingi, basi iwahi.

Kwa mpigapicha kijana au wa makamo, ujumbe wa simu unafaa, mradi uwe na kila kitu. Huu hapa wa mfano:

"Habari za leo kaka. Mimi ni mratibu wa wageni wa klabu yetu ya picha hapa Dar, namba yako nimepewa na rafiki yako wa Sinza. Tuko kama 25, wengi tuna miaka miwili mitatu kwenye kamera, na tumekwama kwenye jambo moja: kupata rangi halisi ya ngozi ukumbini penye taa za rangi. Tumeziona kazi zako za harusi na tungependa utufundishe hilo. Ni Alhamisi tarehe 14, saa 11 jioni (17:00) mpaka saa 1 usiku, Upanga. Utazungumza dakika 40, kisha maswali. Tuna sh. 100,000 ya usafiri na shukrani. Najua kazi yako ina thamani kubwa kuliko hiyo, ndiyo maana nakwambia mapema. Projekta na spika tunazo. Ukinijibu kabla ya Ijumaa, hata kama ni hapana, nitashukuru sana."

Saa imeandikwa kwa namna mbili makusudi. Mgeni wa kutoka nje, au hata Mtanzania aliyezoea kalenda ya simu, anaweza kusoma "saa 11" akafikiria kitu kingine kabisa. Kiasi cha fedha kimetajwa ili yeye asilazimike kuuliza. Na tarehe ya mwisho ya kujibu ipo kwa sababu mji huu hauna watu wa kusema hapana: una "tutaangalia", "Inshallah", "usijali kaka". Mpaka atamke tarehe na saa kwa mdomo wake, mhesabu kuwa hajakubali.

Pamoja na yote hayo, kila mwezi awepo mwanachama wa akiba mwenye picha zake 20 tayari kwenye flashi. Mgeni akipata msiba au dharura ya kazi, mkutano unaendelea.

Hatua ya 5: Fedha

Wanachama 25 wakichanga sh. 5,000 kila mmoja, mna sh. 125,000: usafiri na shukrani ya mgeni, maji, na vitafunio. Changisheni mwanzoni mwa mwezi, msisubiri mlangoni, na kiasi kijulikane na wote. Msimwambie mgeni kwamba atalipwa kwa "kutangazwa". Wapigapicha wamechoka kusikia hilo kutoka kwa wateja, wasilisikie na kwa wenzao. Akisema hahitaji malipo, bado mpeni nauli. Fedha ipitie kwenye simu au kwenye bahasha inayotolewa pembeni, kamwe si mbele ya watu huku mwenyekiti akishangilia.

Kuhusu zawadi, vyeti vya kuchapisha vimejaa kwenye makabati ya watu. Picha nzuri ya mwanachama, iliyochapishwa na kuwekwa fremu, itatundikwa.

Hatua ya 6: Simu ya wiki moja kabla

Kama utafanya hatua moja tu katika hizi kwa umakini, ifanye hii. Mgeni asiyeelekezwa atakuja na picha zake bora 200, zote zimekamilika, na wanachama watatoka wakisema "jamaa anajua" bila kujua anajuaje. Kaa naye kwenye simu nusu saa mkubaliane mambo haya.

Picha zisizidi 40 kwa dakika 40. Na kati ya hizo, angalau sita ziwe zilizoshindikana. Mwombe waziwazi: ile ya kwanza aliyopiga kabla hajasogea, ile ya pili fleshi ikiwa imemulika ukuta, kisha ile iliyompa mteja. Mfuatano wa picha tano za tukio moja unafundisha kuliko picha tano bora za miaka mitano. Wengine wataona aibu. Waeleze kwamba wanachama wanahitaji kuona njia. Aje pia na faili moja ambalo halijaguswa kwenye kompyuta, alifungue na kulirekebisha mbele ya watu. Hapo ndipo daftari hufunguliwa.

Maisha yake yachukue dakika mbili, mwisho tatu.

Picha azihifadhi kama JPEG, kwa rangi za sRGB (mfumo wa kawaida wa rangi za skrini), upande mrefu usizidi nukta 1920 kwa picha ya kulala na upande wa wima 1080 kwa picha ya kusimama, kwa sababu projekta nyingi mtakazoazima zinaishia 1920 kwa 1080. Faili kubwa zaidi huchelewesha tu kompyuta. Aziweke kwenye flashi hata kama anakuja na kompyuta yake. Kompyuta za Apple mara nyingi huhitaji adapta ili zikubali waya wa HDMI. Muulize anayo, na wewe uwe na yako.

Muulize kuhusu kurekodi. Wapo wasiopenda picha ambazo wateja wao hawajaruhusu zisambae, na kila mkutano una mtu anayepiga picha ukuta kwa simu na kuposti kabla mgeni hajamaliza. Makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe: mnarekodi sauti tu, au video bila ukuta, au hamrekodi kabisa. Picha za watoto na za wagonjwa ziwe na tahadhari ya ziada. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu anayetambulika si jambo la kuchezea.

Kwa mzee mwenye picha za karatasi tu, usimwambie azipitishe kwenye skana. Andaa meza pana yenye kitambaa safi na taa moja ya pembeni, simu ifungwe kwenye stendi juu ya meza ikiangalia chini na kuunganishwa na projekta. Yeye anaweka picha moja moja, wote wanaona ukutani. Vitafunio vikae mbali na meza hiyo. Mafuta ya sambusa hayatoki kwenye karatasi ya mwaka 1972.

Hatua ya 7: Ukumbi

Katikati ya mji kunawasaidia wote, wa Mbagala, wa Tegeta na wa Gongo la Mboto. Upanga kuna Alliance Française na Goethe-Institut, mtaa wa Shaaban Robert kuna Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, Barabara ya Bibi Titi Mohamed kuna Maktaba Kuu ya Taifa, na Mikocheni kuna Nafasi Art Space ambako mtapata majirani wachoraji na wachongaji. Ulizieni chumba mapema, na kama ninyi ni klabu isiyo ya biashara, semeni hivyo katika barua.

Nenda ukague chumba saa ileile ya mkutano, maana saa kumi jioni dirisha linaloangalia magharibi linafuta kila kitu ukutani. Pazia zito au vitenge viwili na gundi ya karatasi vinaokoa siku. Projekta iwe na mwanga wa lumeni 3,000 kwenda juu. Uliza kama kuna jenereta na nani ana ufunguo wake. Hata kama ipo, kompyuta iwe na chaji kamili, na uwe umekubaliana na mgeni: umeme ukikatika anageukia maswali, au mnatoka nje kufanya onyesho la mwanga wa kawaida.

Jua la Dar huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro robo. Mkutano unaovuka magharibi uwe na mapumziko ya swala yaliyoandikwa kwenye ratiba. Watu wakianza kutoka mmoja mmoja mgeni atadhani amechosha.

Kuhusu kufika kwake: wa Kigamboni mkumbushe foleni ya kivuko, aangalie kama Daraja la Nyerere litamfaa zaidi. Wa Morogoro, tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, anaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo. Wa Zanzibar atalala, kwa sababu mkimaliza boti ya jioni itakuwa imeshaondoka. Tafuteni mwanachama mwenye chumba cha wageni au ongezeni bajeti.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mgeni mzungumzaji asigeuzwe mgeni rasmi. Meza kuu yenye maua, wasifu wa ukurasa mzima, "itifaki imezingatiwa", salamu za mwenyekiti, salamu za katibu: dakika ishirini zimekwenda na mtu alikuja kufundisha. Utambulisho uwe sentensi tatu. Anaitwa nani, amefanya nini kinachohusiana na swali letu, na swali letu ni lipi. Soma swali kwa sauti. Keti.

Anzeni kwa wakati uliotangazwa, hata mkiwa tisa, kwa kuonyesha picha za wanachama za mwezi uliopita. Zinajaza dakika 20 za mwanzo; mgeni akikwama kwenye foleni ya Selander hakuna aliyepoteza kitu, na akifika mapema anaona kiwango chenu na kurekebisha mazungumzo yake. Mtu mmoja akae mbele na kadi ya "Dakika 5".

Maswali ndiyo sehemu inayoharibika kwa urahisi. Kuna ndugu katika kila klabu anayesimama na kusema, "Mimi sina swali, nina mchango kidogo." Mchango huo hauna udogo. Gawa vikaratasi wakati wa mapumziko, watu waandike, uvisome wewe. Utashangaa maswali mazuri yanavyotoka kwa wasiozungumza kamwe, hasa mabinti wapya ambao kwenye kikao cha wanaume wenye lenzi ndefu hukaa nyuma. Cha kwanza kusomwa kiwe cha mwanachama anayeanza tu kupiga picha. Swali la msingi humrudisha mzungumzaji chini, na wakongwe nao hufaidika bila kukiri.

Mkitaka mgeni azikosoe picha zenu, zikusanywe siku tatu kabla, moja kwa mtu, zisizidi 12, bila jina, zenye namba tu. Zitumwe WhatsApp kama dokumenti; zikitumwa kama picha zinabanwa na kupoteza ubora, na mgeni atakosoa kosa la simu. Mwombe kwa kila picha aseme jambo moja linalofanya kazi na jambo moja ambalo angelibadilisha akiwa amesimama palepale. Mwenye picha asijitetee mpaka zote ziishe. Sheria hii inaudhi watu mwezi wa kwanza na inapendwa kuanzia wa pili.

Hatua ya 9: Mgeni wa mtandaoni

Huyu ni wa akiba, si wa kila mwezi. Akiwa Mwanza au Nairobi saa ni moja na yetu. London iko nyuma yetu kwa saa 3 majira yao ya baridi na saa 2 majira ya joto. New York ni saa 8 au 7. Picha zake zitumwe kabla na zionyeshwe kutoka kompyuta yenu, sauti tu ndiyo ipite kwenye intaneti, kwani picha kupitia simu ya video hupoteza rangi na bando. Kama anazungumza Kiingereza na si wote wanakifuata, mwanachama mmoja afupishe kwa Kiswahili kila baada ya dakika tano. Maneno kama ISO na shata kila mtu anayajua. Kinachopotea ni sababu.

Hatua ya 10: Kesho yake

Kama hamkumpa shukrani yake siku ileile, itumwe kabla ya saa nne asubuhi, pamoja na ujumbe unaotaja jambo mahususi alilosema. Kwenye daftari la klabu andika mistari minne: jina na mada, alilipwa nini, vifaa alivyohitaji, na kama angefaa kurudi. Siku utakapokabidhi kazi hii kwa mwingine, daftari hilo ndilo utakalompa.

Kisha wape wanachama zoezi moja lililotoka moja kwa moja kwenye jibu la mgeni, lenye tarehe ya mwisho. Kama alizungumzia jua la saa saba, kila mtu alete picha moja ya mtu aliyepigwa nje kati ya saa sita na saa nane mchana, bila fleshi. Picha hizo ndizo zitakazofungua mkutano ujao. Chagueni tatu zilizofanikiwa, mtumieni mgeni kwa ruhusa ya waliozipiga, na mumwombe jina la mtu mwingine anayeweza kujibu swali linalofuata.